Maji ya ziwa yakigeuka kijani, kuchemsha pekee hakutoshi

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja anayeishi karibu na Ziwa Victoria alinijia katika zahanati akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa akitapika na kuhara, macho yalikuwa mekundu na miguu ilikuwa imejaa vipele vya kuwasha. Kama ilivyo desturi yetu madaktari, nilimuuliza iwapo alikuwa akichemsha maji ya kunywa.

"Nayachemsha daktari, tena yanatokota sana," akajibu.

Nakiri kwamba sikumwamini. Nilimpa mtoto dawa ya kurudisha maji mwilini, nikamsisitizia mama azidi kuchemsha. Aliporudi baada ya siku chache ndipo nilipomuuliza maji yenyewe huyateka wapi. Kumbe aliyateka ufuoni, pale pale watoto wanapoogelea, na wiki hizo maji yalikuwa ya kijani mithili ya rangi iliyomwagwa.

Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichomdhuru mtoto yule, kwani zahanati ya kawaida haina kifaa cha kupima sumu ya aina hiyo. Lakini tangu siku hiyo simwambii mgonjwa "chemsha maji" kabla ya kumuuliza maji yenyewe yana rangi gani.

Chanzo chake

Utando huo wa kijani wengi huuita mwani. Kwa hakika ni bakteria waitwao sayanobakteria, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Wakiwa wachache hawana madhara makubwa. Taabu huanza maji yanapopata joto, yakatulia na kujaa naitrojeni na fosforasi kutokana na mbolea inayosombwa na mvua mashambani pamoja na maji taka ya mijini. Hapo huzaana kwa wingi, na upepo ukawasukuma hadi ufuoni.

Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu imejengwa kando yake, ina mambo hayo yote. Haina kina kirefu, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na hupokea mito inayopita katika mashamba ya miwa na mpunga. Watafiti wamepata humo sumu iitwayo maikrosistini, mara nyingine kwa kiasi kinachopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa maji yanayonywewa maisha yote, kiwango hicho ni mikrogramu 1 katika lita moja.

Madhara yake

Maikrosistini hushambulia ini. Aliyekunywa maji yenye sumu hiyo anaweza kuumwa na tumbo na kichwa, kutapika, kuhara na kupata homa. Anayeogelea huweza kuwashwa ngozi na macho. Hali ikiwa mbaya, macho hugeuka manjano na mkojo kuwa mweusi, ishara kwamba ini limedhurika. Ziko pia sumu nyingine za bakteria hao ambazo hudhuru neva. Watoto wamo hatarini zaidi kwa kuwa miili yao ni midogo na hunywa maji mengi wakilinganishwa na uzito wao.

Mkasa mbaya zaidi unaojulikana ulitokea mwaka wa 1996 mjini Caruaru, Brazili. Wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa mashine iliyotumia maji ya bwawa yenye sumu hiyo. Wagonjwa 100 walipatwa na maradhi makali ya ini, na zaidi ya 50 wakafariki.

Kwa nini moto haufui dafu

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini maikrosistini ni kemikali, wala haiharibiki kwa moto wa jikoni. Isitoshe, bakteria wanapopasuka kwa joto huimwaga majini sumu iliyokuwa ndani yao. Ndiyo sababu mwezi Agosti 2014, sumu hiyo ilipopatikana katika maji ya mfereji mjini Toledo, Marekani, wakazi wapatao nusu milioni waliambiwa wasiyanywe na pia wasiyachemshe.

Dawa ya klorini tunayotia katika mtungi nayo si ya kutegemewa kwa kazi hii.

La kufanya

Usiteke maji mahali penye utando wa kijani au harufu ya kuoza. Tumia maji ya mvua, ya kisima kirefu au ya mfereji. Ikiwa huna budi kutumia ya ziwa, yateke mbali na ufuo palipo safi, kisha uyachuje kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kuyachemsha. Kuchuja hupunguza bakteria wangali wazima na sumu yao ndani. Hakuondoi hatari yote, lakini ni afadhali. Kuchemsha kusiachwe, kwani kipindupindu kingalipo.

Watoto wasiogelee humo, na mifugo isinyweshwe hapo. Aliyeingia majini aoge mara moja kwa maji safi. Samaki mtoe matumbo na maini, umwoshe vizuri kwa maji safi, maana sumu hukusanyika zaidi katika viungo hivyo.

Hakuna dawa maalum ya kuondoa sumu hii mwilini. Daktari hutibu dalili tu. Kwa hivyo mgonjwa anayetapika mfululizo, aliyelegea au mwenye macho ya manjano apelekwe hospitalini bila kukawia, na daktari aambiwe maji yalitoka wapi. Mimi sikuambiwa kwa sababu sikuuliza.

Tiba ya kudumu imo katika kuzuia maji taka na mbolea visiingie ziwani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa maini ya watoto wetu.