Motisha, Hisia na Mkazo: Istilahi Tatu za Saikolojia Zinapofika Manono

Saikolojia hutofautisha dhana tatu ambazo katika maisha ya mtu huambatana daima: nguvu inayomsukuma kutenda, mguso unaompata anapotenda au kutendewa, na hali ya mwili na akili pale mzigo unapozidi uwezo wake. Vitabu vya Kiswahili sanifu huziita motisha, hisia na mkazo. Lakini Manono, katika jimbo la Tanganyika, Kiswahili husemwa bega kwa bega na Kiluba, nazo shule na hospitali huandika kwa Kifaransa. Istilahi hizo basi hazikuti nafasi tupu.

Motisha ndiyo yenye utata zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuwalipa wao wenyewe, na mchango huo ukaitwa kwa Kifaransa «motivation». Kwa takriban miaka thelathini, mzazi aliyelisikia neno hilo alijua kwamba anadaiwa fedha, na mtoto asiyezilipa alijua kwamba atarudishwa nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 ndipo Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyokuwa kimeagiza. Hata hivyo maana ya fedha imebaki katika masikio ya watu, na motisha ya Kiswahili, ambayo nayo hutumiwa sana kwa maana ya posho au zawadi, haisaidii kuiondoa.

Wanasaikolojia, kwa upande wao, hutenganisha msukumo wa nje na ule wa ndani. Mwaka 1971, Mmarekani Edward Deci alionyesha kuwa wanafunzi waliolipwa ili watatue mafumbo walipunguza hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma. Kwa msukumo huo wa ndani, neno ari linafaa kuliko motisha. (Matokeo ya Deci yasitumiwe, hata hivyo, kumwambia mwalimu asiyelipwa kwamba ari yamtosha: wanafunzi wale hawakuwa na njaa.)

Kuhusu hisia, lugha yenyewe ina nadharia yake. William James mwaka 1884, na Carl Lange wa Denmark mwaka 1885, walidai kuwa mwili hutangulia: moyo hudunda kwanza, kisha mtu hutambua kuwa anaogopa. Mwaka 1927 Walter Cannon aliwapinga, akisema kuwa mabadiliko yale yale ya mwili hutokea katika hisia zilizo tofauti kabisa. Msemaji wa Kiswahili angeweza kumpa ushahidi, kwani moyo humdunda mtu kwa hofu na kwa furaha vilevile. Aidha, moyo huohuo hutiwa, huvunjika na hufa, yaani unabeba hisia na ari kwa pamoja, kama mutyima wa Kiluba. Mpaka unaochorwa na vitabu kati ya dhana hizo mbili haumo katika lugha hizi.

Dhana ya tatu ilipata umbo lake mwaka 1936, Hans Selye, aliyekuwa Montreal, alipoeleza kuwa panya walioteswa kwa baridi, jeraha au sumu walipatwa na dalili zilezile: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, na tumbo likawa na vidonda. Baadaye alizitaja hatua tatu: mshtuko, ukinzani na kuishiwa nguvu. Kiswahili kimetoa maneno mawili. Mkazo, kutokana na kukaza, tayari ni mali ya wanaisimu, ambao hulitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Msongo wa mawazo una picha nzuri, kwa kuwa kusonga ni kubana, lakini unaiweka shida yote kichwani, ilhali Selye aliikuta tumboni na kwenye tezi.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Mgodi wa bati wa Manono, ulioanza kazi mwaka 1919, ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaja vita, kisha, mnamo 2016 na 2017, mapigano kati ya wanamgambo wa Kiluba na wa Kitwa yakawafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu jimboni. Mkimbizi akiulizwa na muuguzi kama ana msongo wa mawazo, anaweza kukana kwa unyofu kabisa. Mawazo, kwake, ni madeni na karo. Kilichompeleka hospitali ni tumbo na mapigo ya moyo. Akiulizwa kama analala, kama chakula kinapita, na mwili wake hufanya nini asikiapo kishindo usiku, ataeleza hatua zote tatu za Selye bila kuhitaji istilahi hata moja.