Mchanga wa kiwanja cha kuanikia: kununua kwa toni ao kwa kibe?



Katika uwanda wa Ruzizi, miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya kujenga. Barabara zimekauka, kamyo zinafika mpaka kijijini, na koperative zilizoweka feza pembeni zinaanza kusema juu ya kiwanja cha beto cha kuanikia mpunga na mahindi. Hapo shida moja inarudi. Fundi masoni anaandika ku karatasi: mchanga, kibe 4,8. Mwenye kamyo anajibu: mimi nauza kwa toni. Kesye anashika feza ya memba mkononi na hajui kama watu hawa wawili wanasema kitu kimoja ao vitu viwili.

Ni vitu viwili. Kibe, yaani metre kibe, ni nafasi: boksi lenye metre moja kwa urefu, metre moja kwa upana na metre moja kwenda juu, nalo linaingiza litre 1 000. Toni ni uzito: kilo 1 000. Kwa maji ndiyo hivi viwili vinalingana, juu litre moja ya maji inapima kilo moja. Mchanga ni mzito kuliko maji. Mchanga wa mto uliokauka, uliomwagwa bila kushindiliwa, unapima karibu kilo 1 500 kwa kibe moja. Mara 1 400, mara 1 600, kufuatana na mahali ulikotoka. Basi kibe 4,8 za fundi ni toni 7,2. Komite inayoagiza toni 4,8 kwa sababu namba ni ileile itapata kibe 3,2 tu, na theluthi ya kiwanja itabaki udongo.

Jambo hili si geni kwenu. Sokoni, murongo wa maharagi na murongo wa unga wa muhogo haulingani ku mizani, na hakuna mama anayedanganywa hapo. Kwa mchanga tunadanganywa juu hatuununui kila siku.

Namba ya fundi inatoka wapi? Tuchukue kiwanja cha metre 15 kwa 8, unene sentimetre 10. 15 mara 8 mara 0,10 ni kibe 12 za beto. Kipimo ambacho mafundi wetu wengi wanakifuata kwa kibe moja ya beto ni mifuko 7 ya simenti ya kilo 50, litre 400 za mchanga na litre 800 za kokoto. Kwa kibe 12, hiyo ni mifuko 84, mchanga kibe 4,8, kokoto kibe 9,6. Juu yake ongezeni kidogo kwa ule unaopotea chini. Mimi hapa nitaendelea na 4,8 ili hesabu ibaki rahisi.

Msikubali ile 1 500 kwa macho yaliyofungwa, hata kama ni mimi ninayeiandika. Pimeni mchanga wenu. Koperative inayonunua mazao iko na mizani tayari. Chukueni ndoo, ipimeni ikiwa tupu, kisha mtie maji mpaka mizani iongeze kilo 10 kamili: hapo maji yalipofika ni litre 10, wekeni alama ku msumari. Mwageni maji, kausheni ndoo, jazeni mchanga mkavu mpaka ku alama bila kuutikisa, pimeni, toeni uzito wa ndoo. Mkikuta kilo 15, kibe moja ni kilo 1 500. Mkikuta 14, ni 1 400. Ni kazi ya dakika kumi. Wenzetu wa upande wa Goma wanaotumia vijiwe vya volkano waifanye bila kukosa: vile viko vyepesi mno, na hesabu ya mchanga wa mto haiviwezi.

Sasa tuje ku maji, na hapa ndipo feza nyingi inapotelea.

Anayenunua kwa kilo mchanga uliolowana analipia maji. Hiyo inaeleweka haraka; mnunuzi wa mahindi anapowakata kilo kwa kusema hayajakauka, anafuata akili hiyohiyo. Pimeni kilo 10 za mchanga kutoka ndani ya kamyo, utandazeni ku sheeti juani mpaka ukauke kabisa, pimeni tena. Ikibaki kilo 9,3, basi ili mpate toni 7,2 za mchanga wenyewe mnapashwa kuagiza 7,2 kugawa kwa 0,93, yaani karibu toni 7 na kilo 740.

Anayenunua kwa kibe, naye analipia hewa. Hili watu wengi hawaliamini mpaka walione. Mchanga ulio na unyevu kidogo unavimba. Maji yanafunika kila chembe kwa ngozi nyembamba, chembe zinasukumana, katikati yake kunabaki nafasi tupu. Mchanga wa kawaida unaweza kuvimba kwa 20 mpaka 30 kwa mia, na ule mwororo unapita hapo; mchanga wenye chembe kubwa unavimba kidogo zaidi chini yake. Ukimwagiwa maji mengi mpaka ukazama, ile ngozi inavunjika, chembe zinashuka, mchanga unarudi karibu na kipimo chake cha ukavu. Kwa hiyo mchanga mbaya kwa kununua kwa kibe si ule unaotiririka maji. Ni ule wa kati, ambao ukiufinya mkononi unashikamana kama unga wa bugali. Na huo ndio unaofika siku nyingi, tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano.

Jaribu lake ni hili. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, kopo tupu la maziwa linafaa. Jazeni mchanga wa kamyo mpaka juu bila kushindilia. Tuseme kopo lina sentimetre 15. Mwageni mchanga pembeni, tieni maji mpaka nusu ya kopo, rudisheni mchanga wote polepole, mkichokora na kijiti ili hewa itoke. Acheni utulie, kisha pimeni mchanga umefika wapi. Ukifika sentimetre 12, gawanyeni 15 kwa 12: ni 1,25. Maana yake kila mahali fundi alipoandika kibe moja, nyinyi mnapashwa kupokea kibe 1 na robo. Zile 4,8 zinakuwa 6.

Na kama hamkufanya hivyo? Kamyo inaleta kibe 4,8 kweli, metre haisemi uongo, lakini ndani yake iko mchanga wa kibe 3,84. Karibu kibe moja imekosekana, na kibe hiyo ndiyo ya metre karibu 24 za mraba za kiwanja chenu. Fundi naye, akipima kwa brueti mchanga huo uliovimba, anatia mchanga kidogo katika kila mchanganyiko. Beto inakuwa mawe matupu na simenti inaisha kabla ya kiwanja. Hapo watu wanaanza kuulizana nani ameiba mifuko, kumbe hakuna mwizi.

Basi toni ni bora ao kibe? Inategemea siku. Tuchukue bei za mfano tu: mmoja anauza dola 20 kwa toni, mwingine dola 28 kwa kibe. Mchanga ukiwa mkavu, kibe iko na toni 1,5. Dola 28 kugawa kwa 1,5 ni dola 18 na senti 67 kwa toni. Kibe inashinda. Mchanga ukiwa umevimba kama ule wa kopo letu, kibe inabaki na kilo 1 200 tu za mchanga mkavu. Toni moja inawafikia kwa dola 23 na senti 33. Yule wa toni, hata mkitoa maji yake, ni dola 21 na nusu. Ameshinda yeye. Lakini toni bila mizani ni neno tu. Kusema kamyo ni ya toni saba ni kusema kile inachoweza kubeba, si kile ilichobeba leo. Kama hakuna mahali pa kupimia kamyo, mimi ninashauri kununua kwa kibe, wakati wa kiangazi, na kupima bene.

Kupima bene ni urefu mara upana mara kina, kwa ndani. Metre 3,8 mara 2,1 mara 0,6 ni karibu kibe 4,8. Shofere atawaharakisha, memba wawili wapande hata hivyo, wasawazishe mchanga kwa pele, wachome kijiti mpaka chini katika sehemu tano, juu pembeni mara nyingi kumejaa na katikati kumebonyea. Ipimwe kijijini, si ku mto, kwa sababu barabara yetu inatikisa na mchanga unashuka njiani.

Ikiwa tayari umemwagwa, rundo lenye umbo la pia linapimika pia. Zungusheni kamba chini yake, pimeni kamba. Kisha pimeni kimo cha rundo. Kamba mara kamba mara kimo, gawanyeni kwa 38. Kamba ya metre 12 na kimo cha metre 1,2 ni kibe 4 na nusu.

Ku bo ya kupokea, iandikwe: kibe ngapi ao toni ngapi, mahali ilipopimwa, mchanga mkavu ao wenye unyevu, na namba ya kopo siku ile. Bo inayosema tu "mchanga, safari moja" irudishwe iandikwe upya kabla ya kesye kufungua sanduku.