Kihamba, Ukoo na Kijana Anayetaka Upadre

Kwa Wachagga wa Kilimanjaro, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki nyumbani. Kaka zake watagawiwa sehemu nyingine au watakwenda mjini kutafuta maisha, lakini nyumba ya baba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee yaliyomo kihambani, yaani katika shamba la ukoo, vinamngoja yeye. Kijana wa namna hiyo anaposema anataka upadre, maswali ya kwanza ya ukoo hayahusu dini. Nani atabaki hapa? Na jina la babu atapewa nani, ikiwa mwana wa kwanza ambaye angelibeba hatazaliwa?

Ninayaheshimu maswali hayo. Wapo wanaoyaona kama upungufu wa imani. Mimi naona yanatoka kwa watu wanaofahamu wanachoombwa kutoa. Ardhi na uzao ndivyo vinavyoufanya ukoo uwe ukoo, na upadre unagusa vyote viwili.

Hata hivyo mlima huu umetoa mapadre wengi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwaka 1891, wakafuata Kibosho mwaka 1893. Mwaka 1960 Joseph Kilasara akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Moshi. Ukoo ulipata jibu lake kidogo kidogo: yule asiyezaa akawa mtoto wa kila nyumba, anayezika, anayefungisha ndoa, anayeitwa ndugu wanapogombea mpaka wa shamba. Leo familia husema "padre wetu" kwa fahari ileile waliyokuwa nayo wazee waliposimulia habari za mangi, mtawala wao.

Wito wenyewe huanza kwa mambo madogo. Mtoto anatumikia altareni, katekista anamwona, paroko anamuuliza maswali mawili matatu baada ya misa. Jumapili ya Mchungaji Mwema, ambayo tangu mwaka 1964, enzi za Papa Paulo wa Sita, ni siku ya kuombea miito, mafrateri husimama mbele ya waumini na kueleza maisha ya seminari, na nyuma kabisa mvulana mmoja hawaondolei macho. Jumuiya inamwombea. Anafanya mtihani, anapokelewa seminari ndogo.

Mimi naiamini likizo kuliko mtihani. Mseminari akirudi nyumbani anaripoti parokiani, na paroko ndiye atakayeandika barua ya kumrudisha shuleni. Barua hiyo hujengwa na macho ya watu wengi. Je, anafika misa ya asubuhi siku ya mvua? Anakwenda kukata majani ya ng'ombe, au anakaa akingoja chai kwa kuwa yeye ni "mtu wa Kanisa"? Anamjibuje mama yake? Shangazi anayemwona akiosha vyombo bila kuagizwa anajua jambo ambalo mwalimu wa Kilatini hawezi kulijua.

Tatizo ni kwamba macho hayohayo yana haraka. Bibi humpokea mjukuu wa kidato cha pili kwa heshima zote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padre."

"Milele, amina. Bibi, mimi bado."

"Bado nini, baba? Mungu ameshakuona."

Upendo ulio katika maneno hayo ni wa kweli, na ni mzito. Mbele ya kijana huyo kuna mwaka wa malezi, falsafa, pengine palepale mlimani Kibosho, kisha teolojia ya miaka minne Segerea au Kipalapala, na kipindi cha kuishi parokiani akijifunza kazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka falsafa na teolojia zisipungue miaka sita, na inamzuia mtu kupewa upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Urefu huo umewekwa ili kijana apimwe, naye ajipime. Lakini atajipimaje kwa uhuru mtu ambaye kijiji kizima kilishamwita Padre tangu hajaota ndevu?

Sheria hiyohiyo iliiona hatari. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote. Kanuni ya 1036 inamtaka mwombaji aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba anapokea daraja kwa hiari. Na ahadi ya useja hutolewa hadharani kabla ya ushemasi, si siku ya upadrisho. Kwa hiyo mlango mkubwa ni ushemasi, ingawa sherehe yetu kubwa huja baadaye.

Nayo sherehe hiyo ni kubwa kweli. Kamati hukaa miezi, michango inapita jumuiya kwa jumuiya, kitenge kinachapishwa picha, wajomba wanaleta ng'ombe, pombe ya mbege inapikwa. Kanisani kijana analala kifudifudi sakafuni wakati Litania ya Watakatifu ikiimbwa, kisha askofu anamwekea mikono kichwani bila kutamka neno. Baada ya misa baba na mama wanapiga magoti mbele ya mtoto wao kupokea baraka. Kwa jamii ambayo mtoto ndiye humwinamia mzazi na ukubwa wa umri huheshimiwa hata kati ya ndugu, tendo hilo linapindua utaratibu mzima wa nyumba. Baba aliyekuwa akiuliza nani atabaki kihambani yuko chini, amekunja mikono. Sijaona mahali pengine ambapo ukoo unasema "tumekubali" waziwazi kuliko pale.

Lakini wengi walioanza safari hawafiki hapo, na hili ndilo linaloniuma. Frateri anarudi na sanduku lake mwaka wa pili wa teolojia, mtaa unanong'ona kwamba amefukuzwa, mama anaacha kwenda jumuiya kwa aibu, na michango ya zamani inaanza kuhesabiwa kama deni. Kijana aliyeomba, akashauriana na mlezi wake, akaona kwamba wito wake ni ndoa, amefanya kazi ileile aliyotumwa kuifanya. Kwetu aliyekosa hutumia jani la isale kuomba msamaha. Huyu hahitaji isale, hajamkosea mtu.

Kwa hiyo ningewaomba wazee jambo moja linalowezekana. Kihamba cha mwana aliye seminari kisigawiwe kaka zake mpaka ushemasi upite. Amtunzie baba, apalilie mjomba, kahawa ichumwe kama kawaida. Na siku ya kumsindikiza arudi masomoni, baba amwambie waziwazi, mbele ya mama na shangazi, kwamba sehemu yake ipo.