Jiko la mkaa kwenye bruda: kabla hujakimbilia dawa, angalia hewa

Mvua za masika zikishika hapa Kashai, simu ninazopokea ni za aina moja. "Afisa, vifaranga wanasinzia tu, wengine nimewakuta wamekufa asubuhi. Nipe dawa." Nikifika nakuta chumba kimoja, dirisha limezibwa na turubai, na katikati jiko la mkaa lililofunikwa majivu ili joto lifike alfajiri. Dawa ya hapo haipo dukani.

Nawaelewa vijana wenzangu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi joto 32 hadi 35, na usiku wa mvua Bukoba yetu haina huruma. Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Balbu tatu ni uniti 18 kwa siku. Piga hesabu ya Luku mwenyewe. Umeme nao unakatika. Basi mkaa unaonekana ndo mkombozi.

Sasa shida iko hivi. Mkaa ukiungua kwenye hewa finyu unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, haiwashi hata macho. Wengi tunaogopa moshi, na mkaa uliokolea hauna moshi, kwa hiyo tunajiona salama. Kumbe unaendelea kuitoa, na ukiufukia majivu ndo kabisa. Ikiingia kwenye damu inashika nafasi ya oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200.

Ndege huzidiwa mapema kuliko mtu. Wachimba makaa ya mawe Uingereza walishuka mgodini na vindege vya kanari hadi 1986. Ndege akianguka, watu wanatoka mbio. Kwa hiyo vifaranga wakianza kutweta na kulegea wakati joto liko sawa, ni wewe unayepewa taarifa. Gumboro kwa kawaida husumbua kuanzia wiki ya 3. Vifo vya usiku mmoja, siku ya 4, jiko likiwa ndani, usianze na antibayotiki. Na wanaopona hawakuachi salama: broila aliyelelewa kwenye hewa mbovu ndo baadaye unamwona na maji tumboni, umeshamlisha wiki nne.

Ila kinachonitisha zaidi ni anayelala humo. Mfugaji mmoja alikuwa analala na mdogo wake kwenye mkeka pembeni ya bruda, wanaogopa wezi. Kila asubuhi kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Walipima malaria mara mbili, hakuna kitu. Wakishinda shambani, kufika saa nane vyote vimeisha. Kichwa kinachopona ukitoka nje na kurudi ukilala ndani, tafuta jiko. Mkeka tulihamisha siku ileile, na mlango ukapata kufuli ya maana.

Kama huna budi kutumia mkaa, uwashie nje mpaka ukolee, ingawa hilo linapunguza tu. Turubai lisifike juu: acha uwazi pande mbili zinazotazamana, upepo upite juu ya vifaranga usiwapige. Anayeweza afunge bomba la bati litoe hewa nje ya paa. Mimi napenda zaidi kubana joto: maranda ya kutosha, duara dogo la bruda, na madumu ya maji ya moto yaliyovikwa magunia, unabadilisha usiku. Ni kazi, lakini dumu haliui mtu. Beseni la maji kando ya jiko halifyonzi sumu hii, na maziwa hayaiondoi mwilini.

Ukimkuta mtu kalegea ndani, fungua milango, mtoe nje kwanza, kisha hospitali. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hukaa kwenye damu saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa 1 na nusu. Na mwambie daktari waziwazi kwamba alilala na jiko, maana akisikia kichwa na kutapika tu, huku kwetu ataanza na malaria.