Resela Bila Mzigo Ni Stori za Jaba

Juzi jioni nimeshuka steji ya Mountain View, jam ya Waiyaki Way imenimaliza kabisa. Nikapata beshte yangu wa mtaa ananingoja kwa jamaa wa smoki. Akasema ananinunulia mbili, na yai juu. Hapo tu ningeshtuka, juu huyu msee hajawahi ninunulia ata maji.

"Buda, nimekuletea form," akasema. "Unaingia na thao tatu, unakuwa resela. Mzigo huuoni, hubebi, we ni kucheki app tu ikiongezeka. Ukileta wasee watano unapanda level."

Nikamuuliza, "Sasa tunauza nini?"

Akacheki simu kidogo. "Bidhaa, manze. Bidhaa tofauti tofauti."

Sikia, resela wa ukweli unamjua. Ni yule dem wa ploti yenu anaamkanga kukiwa na giza kuenda Gikomba kuchagua kamera kabla wengine wafike. Anapiga picha, anaweka status, anaongeza soo mbili, anakutumia na mat. Muulize anauza nini uone ka atanyamaza! Atakuambia bei ya kununua, nauli, ata yule kastoma alirudisha jinzi akisema imembana. Doo yake inatoka kwa mfuko ya mtu ameenda home na jinzi.

Ya beshte yangu inatoka wapi? Toa wasee wapya wote kwa hesabu, uone ka kuna kitu inabaki. Mmoja akileta watano, na kila mmoja alete watano, level ya kumi na moja peke yake inataka watu zaidi ya milioni 48. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani tuingie wote, na mtoi wa jana, na bado hatutoshi.

Na si ati hii kitu ni mpya. Waulize wazae wako kuhusu DECI, 2006 kuingia 2007. Watu walipeleka akiba wakijua ni mbegu, itazaa, na stori ilipitia ata makanisani. Baadaye serikali iliunda jopo la Francis Nyenze kuchunguza DECI na piramidi zingine ka hiyo. Ripoti ya 2009 ilipata zaidi ya watu 148,000 wamepoteza zaidi ya bilioni 8. Halafu mwanzo wa 2022 ikawa zamu yetu: Amazon Web Worker Africa. Ilikopa jina kubwa la Marekani, ikauza vifurushi kwa app, na siku moja app ikazima na doo za watu. Amazon yenyewe haikuwa inawajua.

Kwa hivyo jina kubwa si kitu. Ata usajili pekee si kitu. Ingia eCitizen uitishe CR12, uone wenye kampuni ni kina nani, lakini kumbuka kampuni kusajiliwa haimaanishi imeruhusiwa kuchukua doo za watu iwazalishie. Hiyo inataka leseni, na unaweza uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ka wanawajua. Ka ni mzigo wanasema wanauza, chukua bei yao uende nayo Kamukunji ama Luthuli. Ka hakuna bei ya kupeleka, ushapata jibu.

"Lakini mi nimelipwa," beshte akasema, akanionyesha meseji ya M-Pesa. Soo nane. Na ilikuwa ya ukweli, hiyo ndio noma. Lazima wa kwanza walipwe, si ndio watatembea na hiyo meseji mtaa mzima? Hiyo soo nane si faida. Ni mshahara wa kunitafuta mimi.

Ndio maana usiangalie sura ya mwenye amekuletea form. Huyu si konmani. Nimemjua tangu praimo, anaamini kila kitu anasema. Ashaliwa tu, na hajajua.

"Umeingiza wangapi so far?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Kina nani?"

Akatupa kijiti ya smoki kwa mtaro. "Cuzo. Na mathe."

Nikalipia smoki zangu, nikamwambia twende kwao kwanza, tubonge na mathe kabla apelekee chama yake form.