Faranga moja, zaire bilioni 300

Mkazi wa Kabondo, hapa Kisangani, aliyeshika zaire mwaka 1992 ameona fedha ya nchi ikibadilishwa mara mbili. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Je, faranga hiyo ni sawa na zaire ngapi za zamani? Viwango hivyo havijumlishwi, vinazidishwa: 3,000,000 × 100,000 = 300,000,000,000. Ni bilioni 300. Waliosoma kwa Kifaransa husema miliari 300. Hata kwa noti ya zaire milioni 5 iliyotolewa mwaka 1992, zingehitajika noti 60,000 kufikia faranga moja.

Namba kama hii hutisha kwa wingi wa sifuri, lakini tabia yake haimo katika ukubwa. Imo katika vigawo vyake tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Tuichambue. Ina sifuri 11, na kila sifuri ni 10, yaani 2 × 5. Mbele yake imebaki 3. Basi namba yote ni 2¹¹ × 3 × 5¹¹. Namba tasa tatu tu zimeijenga.

Kutokana na mstari huo mmoja tunapata mengi. Ili kuunda kigawo chake chochote, kipeo cha 2 kinaweza kuwa 0 hadi 11: njia 12. Cha 5 vilevile, njia 12. Cha 3 ni 0 au 1: njia 2. Kwa hiyo ina vigawo 12 × 12 × 2 = 288, na hatukulazimika kuvitafuta kimoja kimoja.

Je, ina kipeuo cha pili kilicho namba nzima? Hapana, kwa kuwa vipeo 11, 1 na 11 vyote ni witiri. Izidishe kwa 30, vipeo vyote vinakuwa shufwa, na kipeuo kinatoka 3,000,000 kamili.

Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinafika 699,755,855,280, zaidi ya mara mbili yake. Linganisha na 6, namba kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6.

Sasa punguza 1 tu. Namba 299,999,999,999 haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5. Bali inagawanyika kwa 7, na jibu ni 42,857,142,857. Namba hizi mbili zinafuatana, lakini hazina kigawo hata kimoja cha pamoja zaidi ya 1.

Ndiyo maana ninawasihi walimu wawafundishe watoto kuchambua namba kabla ya kuiogopa. Waanze na noti ile ya 5,000,000: ni 2⁶ × 5⁷, basi vigawo vyake ni 7 × 8, yaani 56. Mtoto wa sekondari anaweza kuvihakiki vyote kwa kalamu na karatasi.