Matairi ya kubadilisha: rahisi dukani yaweza kuwa ghali barabarani

NYUNDO, Rubavu – Gari lililopakia viazi au kabeji kutoka Bigogwe na soko la Mahoko hupita Nyundo likiwa na mzigo kamili na likiwa kwenye mteremko. Barabara hiyo ya Kigali–Gisenyi inatoka kwenye milima ya zaidi ya mita 2,000 na kushuka hadi ufukwe wa Ziwa Kivu, ulio kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Dereva hukanyaga breki mara kwa mara, breki zikapata moto, moto ukaingia kwenye rimu na mwisho kwenye tairi. Tairi dhaifu likipasuka hapo, hasara si ya tairi peke yake. Mzigo unamwagika, soko la siku hiyo linakosekana, na roho za watu zinakuwa hatarini.

Hata hivyo wasafirishaji wengi wanapofika dukani huuliza swali moja tu: bei gani? Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa, iwe duka liko Gisenyi, Musanze, Kigali au ng'ambo ya mpaka mjini Goma.

Soma maandishi ya ubavuni

Kila tairi limeandikwa ubavuni. Chukua mfano wa 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. Herufi R ni tairi la radiali, na 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Namba 91 ni kipimo cha uzito: tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 615. Herufi H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa.

Kwa msafirishaji, namba ya uzito ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Gari aina ya Hiace mara nyingi hutumia tairi la 195R15C lenye kipimo 106/104. Herufi C inaonyesha kuwa ni tairi la gari la biashara. Namba 106 maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja, kwa hiyo matairi manne yana uwezo wa kilo 3,800.

Sasa mwenye gari akishawishiwa kufunga tairi la gari dogo kwa kuwa nalo ni la rimu 15 na bei yake iko chini, litaingia bila shida yoyote. Lakini uwezo wa matairi manne ya kipimo 91 ni kilo 2,460 tu. Pungufu ni kilo 1,340, zaidi ya tani moja. Abiria hawaoni tofauti hiyo, na fundi pancha anaweza asiiseme. Itaonekana siku gari limejaa na jua ni kali.

Angalia umri

Tafuta neno DOT ubavuni. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 2323, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2023. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kabisa.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hukauka, hupata nyufa ndogo ndogo na kupoteza mshiko, hasa kwenye lami iliyolowa. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama meno bado ni marefu. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka minne si sawa na lililotengenezwa mwaka jana. Likiuzwa kwa bei ileile, mnunuzi amepunjwa.

Mtumba: piga hesabu ya meno

Matairi yaliyotumika yanapendwa kwa sababu bei yake inaonekana ndogo. Lakini anayenunua tairi ananunua meno yaliyobaki.

Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji yake kuna vijiti vidogo vya mpira vinavyoonyesha kikomo. Meno yakilingana na vijiti hivyo yamebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Hivyo tairi jipya lina milimita 6.4 za kutumia. Mtumba wenye meno ya milimita 4 una milimita 2.4 tu za kutumia, chini kidogo ya asilimia 38 ya jipya.

Kwa mfano, tairi jipya likiuzwa faranga 80,000, mtumba huo haupaswi kuzidi faranga 30,000. Hapo bado hujahesabu umri wake, majeraha yasiyoonekana, na gharama ya kulipa fundi mara ya pili mapema. Anayenunua mtumba kwa nusu ya bei ya jipya, akidhani ameokoa, kwa kweli amelipa zaidi kwa kila milimita.

Kabla ya kukubali mtumba, pitisha mkono ndani ya tairi kutafuta viraka, uvimbe au nyuzi za waya zilizochomoza. Tazama kama limepakwa rangi nyeusi kuficha nyufa. Aidha, angalia kama meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto. Baadhi ya matairi ya malori yanaruhusu kuchongwa, na hayo huandikwa REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo likichongwa, mpira uliobaki juu ya waya unakuwa mwembamba mno.

Bei kwa kilomita

Kati ya matairi mapya pia kuna tofauti kubwa. Njia ya haki ya kulinganisha ni kugawa bei kwa kilomita. Tuseme tairi la kwanza ni faranga 60,000 na linakwenda kilomita 20,000. Hilo ni faranga 3 kwa kilomita. La pili ni faranga 90,000 na linakwenda kilomita 45,000, yaani faranga 2 kwa kilomita. Lililoonekana ghali dukani ndilo rahisi barabarani.

Namba hizo za mwisho hakuna duka litakalokupa kwa uhakika, kwa sababu zinategemea njia, mzigo na dereva. Mwenye gari ndiye anayeweza kuzipata. Siku ya kufunga tairi, andika kwenye daftari tarehe, aina, bei na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Siku ya kulitoa, andika tena. Baada ya seti mbili tatu utajua aina inayokulipa, bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Goma iko karibu, na bei huko hutajwa kwa dola. Jambo la kwanza ni kubadili bei hiyo kwa faranga kwa kiwango cha siku ileile. La pili ni kodi, na hapa wengi hukosea.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wadogo wanaifahamu hati rahisi ya uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Lakini hati hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Tairi lililotengenezwa China, India au Japani haligeuki kuwa la Kongo au la Uganda kwa sababu limenunuliwa Goma au Kampala. Viwanda vikubwa vya matairi vya ukanda huu vilikwisha kufungwa: cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na cha Nairobi mwaka 2016. Kwa hiyo matairi mengi yaliyoko madukani ni ya nje, na yakiingizwa Rwanda yanadaiwa ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa matairi ya faranga 300,000, VAT peke yake ni faranga 54,000 kabla ya kuongeza ushuru.

Kuyapitisha kwa magendo si akiba. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa za magendo zikamatwe, na gari lililozibeba laweza kukamatwa pia. Kwa msafirishaji, gari ndilo duka lake.

Kuna pia suala la kurudisha bidhaa mbovu. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19, aliyekuwa na tairi bovu kutoka upande wa pili hakuwa na pa kulipeleka. Ankara ya EBM kutoka duka la ndani ni ushahidi wa ununuzi. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa na anayetoza VAT, ni msingi wa kudai kodi aliyolipa.

Tairi lifuate njia

Gari linaloishia kwenye lami ya Gisenyi–Kigali linahitaji tairi linalotoa maji vizuri, kwani mvua za ukanda huu ni nyingi. Mafuriko ya mto Sebeya ya Mei 2023, yaliyoikumba Nyundo, yanakumbukwa na kila mtu. Gari linaloingia mitaa ya Goma lina adui mwingine: mawe makali ya volkano, ambayo Nyiragongo iliyaongeza mwaka 2002. Mawe hayo hukata ubavu. Huko, ubavu mgumu ni bora kuliko meno mazuri.

Kwa malori yenye matairi pacha nyuma, usichanganye jipya na lililokwisha kwenye ekseli moja upande mmoja. Lililo kubwa kidogo hubeba mzigo wa mwenzake na kupasuka mapema. Upepo nao upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Kutoa upepo tairi likiwa moto baada ya mteremko ni kosa, kwani likipoa litabaki na upepo pungufu.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

- Kipimo cha uzito ni kipi, na kinalingana na kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari mlangoni?
- DOT yake inasema mwaka gani?
- Bei hiyo ina kufunga, valvu na balansi, au hayo ni pembeni?
- Likionyesha uvimbe ndani ya mwezi mmoja, nani anagharamia?
- Ankara ya EBM ipo?

Muuzaji anayejibu maswali hayo bila kukasirika anastahili kuuza. Anayekwepa, maduka mengine yapo.